Mungu Hakumuua Mwalimu ili Anifundishe Mimi

Mume wangu aliuawa na presha. Ilianza na figo, ikamalizia na moyo. Naitaja kwa jina lake mapema kwa sababu, tangu siku tulipoambiwa figo zimeshindwa kazi, watu walinipa majina mengine mengi ya kuuita ugonjwa ule: jaribu, pigo, laana ya ukoo, shule ya Mungu, mlango wa baraka. Karibu wote walisema kwa upendo, wengine wakiwa wamepanda mlima kwa miguu na sukari kilo mbili mkononi. Siwadharau hata kidogo. Ila majina yale yalinichosha kuliko kazi ya kuuguza yenyewe.

Mimi ni Mkristo. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa kanisani, na usharika wetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Old Moshi ndio ulionilea. Miaka ile ya ugonjwa ndiyo niliyomjua Kristo kwa karibu kuliko miaka mingine yote. Nalisema hilo bila kusita. Lakini sikumkuta pale ambapo wengi walikuwa wananielekeza, na hicho ndicho kinachonifanya niandike.

Mwalimu, kama kila mtu alivyomwita, mimi mkewe nikiwemo, alifundisha hisabati sekondari ya kata. Mimi ni fundi cherehani pale Kiborloni, kwenye mitumba: napunguza suruali, nabadilisha zipu, nashona sketi za shule Januari ikikaribia. Mwaka 2018 alianza kulalamika kuwa viatu vinambana. Asubuhi anaamka uso umejaa, jioni miguu. Akishuka kwenye daladala ilikuwa lazima asimame njiani mara kwa mara kabla ya kufika nyumbani, na kilima kile amekipanda tangu utoto. Kituo cha kwanza tulichokwenda walimpa dawa ya malaria. Cha pili wakasema vidonda vya tumbo, kwa kuwa alikuwa akitapika. Kote kuwili hakuna aliyemfunga mkono kumpima presha.

Tulipofika KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, mashine ilisoma 220 kwa 130. Daktari, kijana mdogo ambaye Mwalimu angeweza kuwa amemfundisha, alivuta karatasi akatuchorea figo. Alieleza kwamba ndani yake mna mishipa midogo sana inayochuja damu, na presha ikikaa juu miaka nenda rudi, mishipa ile inakomaa na kuziba. Haiumi. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya figo zote mbili huku analima, anafundisha, anacheza harusini.

Mwalimu aliuliza, "Daktari, hii itakuwa imeanza lini?"

"Huenda miaka kumi iliyopita, Mwalimu. Huenda zaidi."

Nilimwona akihesabu. Miaka kumi nyuma alikuwa anafundisha vipindi vya asubuhi na jioni, tunajenga nyumba, watoto wadogo. Mpaka leo naishukuru karatasi ile yenye mchoro wa kalamu ya wino. Ilikuwa kweli tupu, na baadaye, maneno yalipokuwa mengi, niliirudia.

Kuanzia hapo maisha yetu yalifuata ratiba ya mashine. Kusafishwa damu ni mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Mwanzoni aliwekewa bomba shingoni. Baadaye wakamtengenezea fistula mkono wa kushoto: daktari wa upasuaji anaunganisha ateri na vena, halafu mnasubiri wiki kadhaa mshipa unenepe, uweze kuchomwa sindano kubwa. Ukiweka kidole juu yake unausikia unatetemeka bila kukoma. Tulifundishwa kuuangalia kila siku, maana ukinyamaza ni dharura. Usiku akiwa amelala nilikuwa napapasa gizani mpaka niupate mkono wake, naweka vidole viwili pale, nasikiliza. Ukiniuliza nilikuwa naomba nini saa zile, sikuwa na maneno. Nadhani vidole ndivyo vilivyokuwa vinaomba.

Halafu chakula. Msomaji asiye wa Kilimanjaro huenda asielewe uzito wa jambo hili. Figo zikishindwa, madini ya potasiamu yanabaki kwenye damu, na yakizidi yanausimamisha moyo. Sasa potasiamu iko wapi? Kwenye ndizi. Kwenye parachichi, maharage, viazi, nyanya. Yaani kwenye mtori, machalari na kiburu, kila kitu ambacho mama mkwe alijua kumpikia mwanawe akiugua. Bibi yule alikuwa akija na mkungu wa ndizi mshare kutoka kihambani, shamba la ukoo, anautua mlangoni, anasema, "Nimemletea mtoto chakula," na mimi sina jinsi ya kumwambia kwamba ndizi ya shamba lake inaweza kumuua mtoto wake. Tulijifunza kuzimenya, kuzikata ndogondogo, kuzichemsha, kumwaga maji, kuzichemsha tena kwa maji mapya, na hata hapo kumpa vipande vichache tu. Mama mkwe alisimama jikoni akiyatazama maji yale yakimwagwa. Akauliza kwa Kichaga ni dhambi gani hiyo ya kumwaga utamu wa ndizi. Maji ya kunywa nayo yalipimwa kwa kikombe, na Mwalimu aliyekuwa akimaliza chupa nzima ya chai asubuhi alibaki akilamba kipande cha barafu.

Hapo ndipo majina yalipoanza kuja. Shemeji yangu mmoja alisema chanzo ni kihamba. Kulikuwa na ugomvi wa mpaka kati ya baba mkwe na ndugu yake, wote wawili walikufa hawajapatana, na masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yaling'olewa usiku. Akataka ukoo ukae, isale lipelekwe kwa watoto wa baba mdogo kuomba radhi. Mwalimu alikubali kwenda. Nilishangaa, nikamuuliza njiani kama anaamini figo zake ziliharibiwa na mpaka wa shamba. Akasema, "Hapana. Lakini kupatana ni jema, tumechelewa tu. Nitapatana nao kwa sababu ni ndugu zangu. Simuuzii Mungu." Walipatana, tukala pamoja, na binamu zake wale ndio waliokuja kulibeba jeneza. Figo hazikurudi, wala yeye hakuzidai.

Wa pili walikuwa wa maombi. Wapo walioomba nasi kwa machozi wakaondoka bila kutuhukumu, Mungu awabariki. Na yupo mama mmoja aliyekuja akaniambia chumbani kwangu, mlango umefungwa, nichunguze kama kuna dhambi nimeficha, maana imani ya kweli haikai na mashine. Sikumjibu. Nilikwenda kusoma Ayubu, nikasoma mpaka mwisho, jambo ambalo wengi hatufanyi: tunaishia kwenye "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Ukifika sura ya 42 unakuta Mungu amewakasirikia wale rafiki watatu waliomtetea Yeye kwa hotuba ndefu, na anamkubali Ayubu aliyelalamika. Jambo jema pekee walilofanya wale watatu liko sura ya pili, walipokaa naye chini siku saba mchana na usiku bila mtu kusema neno.

Mchungaji wetu wakati ule alikuwa mtu wa maneno machache. Alipokuja nilimwambia ninayosikia, na nikamuuliza waziwazi: Mungu ndiye aliyeleta hili? Alinijibu kwa kunisimulia habari za Martin Luther mwaka 1518 huko Heidelberg, Ujerumani, miezi michache baada ya zile hoja zake 95 zilizo maarufu zaidi. Luther alisema mwanateolojia wa utukufu huuita ubaya wema na wema ubaya, bali mwanateolojia wa msalaba hukiita kitu kile kilivyo. Mchungaji akasema, "Mama, huu ugonjwa ni mbaya. Uite mbaya. Kristo hakusema msalaba ni mtamu, aliomba kikombe kile kimwepuke." Nililia siku hiyo kwa mara ya kwanza mbele ya mtu. Ilikuwa kama amenitua mzigo wa kuni kichwani: kumbe sikulazimika kuuita ubaya wema ili nibaki kuwa Mkristo.

Tangu hapo nina neno langu, na nitalisema popote: Mungu hakumuua Mwalimu ili anifundishe mimi. Nimejifunza mengi, ndiyo. Ila baba gani anayemvunja mguu mtoto mmoja ili mwingine ajifunze huruma? Wanafunzi wa Yesu walipomwona yule kipofu tangu kuzaliwa waliuliza maswali hayahaya ya kwetu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Halafu hapohapo: "Imetupasa kuzifanya kazi zake yeye aliyenipeleka maadamu ni mchana." Nimekaa na mistari hiyo miwili muda mrefu. Wanafunzi wanatazama nyuma, wanatafuta wa kulaumiwa. Yeye anatazama kazi iliyopo, anainama, anatema mate, anafanya tope. Hatoi maelezo ya upofu. Anashika macho ya mtu.

Jumuiya yetu ilikuwa na kawaida ya ibada za nyumba kwa nyumba. Kwa mgonjwa mwinjilisti husoma Zaburi ya 23 au ya 91. Zamu ilipofika kwetu Mwalimu aliomba isomwe ya 88. Mwinjilisti alisoma, na kadiri alivyoendelea sauti ilipungua, kwa sababu zaburi ile haigeuki. Nyingine huanza kwa kilio zikamalizia kwa sifa. Hii inaishia hivi: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Basi. Watu wakatazamana, mama mmoja akaanzisha pambio haraka kana kwamba anafunika chungu. Mwalimu akainua mkono, akasema taratibu kwamba anaipenda kwa sababu imo ndani ya Biblia. Mtu alimwambia Mungu maneno hayo, na Mungu akayahifadhi ili wengine wayatumie. "Siku ambayo sina sifa," alisema, "bado nina sala." Yule mama wa pambio alinifuata jikoni baadaye akaniambia mtoto wake wa kwanza alifia tumboni na hajawahi kumwambia Mungu alivyoumia. Tulikaa kwenye vigoda tukiosha vyombo polepole mno.

Chumba cha mashine kilikuwa kanisa letu la pili, na huko hatukuwa Walutheri watupu. Kulikuwa na mzee Mwislamu wa Njoro aliyekuja na tasbihi yake, masista, wafanyabiashara, mama lishe. Tofauti iliyoonekana wazi haikuwa ya dini. Ilikuwa ya bima. Mwalimu alikuwa mtumishi wa serikali, kwa hiyo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulilipa. Waliolipa mfukoni walianza mara tatu kwa wiki kama sisi, ng'ombe wakiisha wanakuja mara mbili, shamba likiuzwa na fedha yake ikiisha wanakuja mara moja, na damu haisubiri. Kiti kikikaa kitupu wiki nzima hatukuulizana. Nasema hili kwa sababu mahubiri ya kutukuza mateso huwa yanapita juu ya mambo ya namna hii. Maumivu mengi niliyoyaona mle hayakuwa na siri yoyote ya mbinguni ndani yake. Yalikuwa yanahitaji fedha.

Kiti cha jirani na Mwalimu kilikuwa cha kijana wa kidato cha nne kutoka upande wa Same. Baba yake alikuwa anauza mbuzi mmoja mmoja. Kijana yule hakuongea na mtu. Siku moja Mwalimu alimwona na kitabu cha hisabati kimefunguliwa ukurasa uleule aliokuwa nao juzi yake, akamuuliza, "Umekwama wapi?" Ilikuwa trigonometria. Mwalimu mkono wa kushoto hauruhusiwi kusogea, una sindano mbili, lakini wa kulia mzima. Nikamshikia daftari, akachora pembetatu. Kuanzia siku hiyo zamu zao zikilingana ilikuwa ni darasa: mmoja anatoa swali, mwingine anafanya, mimi nashika daftari, sista anapita kupima presha anaambiwa asubiri kidogo wamalize. Kijana alianza kuongea. Alianza na kucheka. Mwalimu, ambaye shule ilikuwa imembidi aache kusimama darasani, alinyooka mgongo. Nyumbani alikuwa anatunga maswali ya mtoto mmoja kwa bidii ya mtu anayetunga mtihani wa mkoa.

Kijana alifanya mtihani wa taifa Novemba 2019, akitoka hospitali kwenda chumba cha mtihani. Wakati huo walikuwa wameshuka hadi mara moja kwa wiki. Desemba akafariki. Matokeo yalitoka Januari, na baba yake alimpigia Mwalimu simu kumsomea: hisabati B.

Sijui watu wenye majibu mepesi wanalifanya nini jambo kama hili. Mimi nilikasirika. Nilimwambia mume wangu kwamba kazi yote ile imekwenda bure, mtoto ana B kaburini. Alikaa kimya muda, akaniambia, "Hakuwa anasomea matokeo yale. Alikuwa anasoma." Nikasema sielewi. Akasema, "Zile saa alikuwa hai, mama. Alikuwa mwanafunzi, si mgonjwa. Na mimi nilikuwa mwalimu. Nani atatunyang'anya hizo?"

Hapo ndipo, kwangu, swali la maana ya mateso liligeuka. Nilikuwa nimelichukulia kwamba maana itakuja mwishoni, kama hesabu inavyofungwa: tutateseka, halafu litatokea jema kubwa la kufidia, tuseme, "Kumbe ndiyo maana." Kwa kijana yule halikutokea. Maana ilikuwa imeshapita pale kwenye kiti, daftari likiwa mkononi mwangu, na ilikuwa kamili. Naamini Kristo alikuwa pale. Simaanishi kama mtazamaji anayeandika alama za uvumilivu wetu. Alikuwa pale kama mtu aliyewahi kutundikwa akapaza sauti, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" na hakujibiwa saa ile. Mungu aliyepitia hapo sihitaji kumwigizia furaha.

Wiki chache baada ya matokeo, Jumamosi ya Februari 1, 2020, watu 20 walikufa hapa Moshi wakikanyagana kwenye mkutano wa maombi, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Mji mzima ulizizima. Siku zilizofuata nilisikia watu wakiwacheka marehemu, wakiwaita wajinga. Niliumia sana. Niliwajua watu wa namna ile, nilikuwa nakaa nao kwenye benchi hospitalini. Mtu ambaye ameuza ng'ombe wa mwisho, anayesikia kwamba kuna mahali ukikanyaga tu unapona, atakimbia. Ilikuwa hivyohivyo mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ndefu kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500. Watu wanakimbia kwa sababu wanaumia. Ninachowadai wahubiri ni kimoja: msimwambie anayeumia kwamba amebaki na maumivu yake kwa kuwa hakukimbia vya kutosha.

Kuna jambo lingine linalonisumbua katika namna tunavyosimulia mateso makanisani kwetu. Miaka ya nyuma kwaya yetu ilialikwa Meru, na wenyeji wakatusimulia habari za Ovir na Segebrock, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliouawa karibu na Akeri Oktoba 1896. Kawaida simulizi huishia kwa furaha: damu ya mashahidi ikawa mbegu, wamisionari wakarudi Nkoaranga mwaka 1902, leo Meru imejaa sharika. Ni kweli. Lakini mzee mmoja aliongeza kwamba katikati ya kuuawa kwao na kurudi kwa Injili, jeshi la Wajerumani lilipanda huko kulipiza kisasi, likisaidiwa na wapiganaji kutoka kwetu Kilimanjaro, wakaua Wameru na Waarusha na kuswaga mifugo yao. Wale nao walikufa. Wajane wao nao walilia. Nikifikiri habari za jema lililozaliwa na baya, huwa namkumbuka mzee yule. Mungu anaweza kuotesha kitu mahali palipoungua, nimeona kwa macho yangu. Hilo halinipi ruhusa ya kuusifu moto, wala kuwafuta waliounguzwa ili simulizi iwe nzuri.

Mwalimu alikwisha taratibu. Tulikuwa tumeanza mazungumzo ya kupandikizwa figo. Muhimbili walianza upandikizaji Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka uliofuata, na mdogo wake alikuwa tayari kutoa. Vipimo vikaonyesha moyo wa Mwalimu hauwezi kuhimili upasuaji. Mdogo wake alilia kuliko sisi. Mwalimu alifariki mwaka 2020, kabla ya mvua za vuli, nyumbani, alfajiri, mikono yangu ikiwa juu ya ule mkono wa kushoto.

Kwenye mazishi sikuweza kuimba. Sikuweza pia kuitikia mchungaji aliposoma "jina la Bwana na libarikiwe". Mdomo haukufunguka. Nilisimama pale kihambani, udongo mwekundu umefunguliwa kati ya migomba, nikasikia usharika mzima nyuma yangu ukiimba sauti zote nne. Nilifarijika kwa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulishika: yule mwenye kupooza aliyeshushwa darini na watu wanne, Marko anasema Yesu aliiona imani *yao*. Haisemwi mgonjwa alikuwa na imani kiasi gani. Siku ile sikuwa nayo ya kuonyesha, na walikuwepo walionishika pembe nne. Kama mtu ananiuliza kanisa ni la nini, namjibu ni kwa siku ile.

Waliendelea kuja matanga yalipokwisha, na hilo ndilo gumu. Mama wa pambio alikuja kila Alhamisi bila neno kubwa, anachambua mchicha, anaondoka. Mzee wa Njoro alimtuma mwanawe na kilo tano za mchele na ujumbe kwamba anatuombea. Na mimi, miezi ilipopita, nilijikuta narudi kwenye benchi la nje ya chumba cha mashine. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa najua vitu ambavyo wake wapya hawakuvijua: jinsi ya kuchemsha ndizi mara mbili, jinsi ya kuusikiliza mkono, cha kumwambia mama mkwe. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki za namna zote. Huwa sianzi na mstari huo. Naanza na ndizi. Mwanamke akishajua atampikia nini mumewe leo, ndipo anaweza kulia, na akilia nakaa.

Jambo la mwisho nililolifanya nililidai kwa nguvu. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa nikaomba meza moja chini ya mwembe, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada. Nesi mstaafu wa usharika wetu ana mashine ya presha, mimi naandika majina na vipimo daftarini. Mzee mmoja alisema kanisa si zahanati. Nikamjibu kwamba hospitali ya KCMC ilijengwa na makanisa, ikafunguliwa mwaka 1971 chini ya shirika lenye jina la Msamaria Mwema, na Msamaria hakuhubiri barabarani, alifunga majeraha akalipa nyumba ya wageni. Meza tukapewa.

Wanawake wanakuja wenyewe. Wanaume wanapita mbali, wanasema wana haraka, wanasema hawaumwi. Nawafuata. Nawaambia Mwalimu naye hakuwa anaumwa. Mwezi uliopita nilimshika dereva wa bodaboda, kijana niliyemshonea suruali ya kipaimara, akakaa kwa kunionea haya tu. Mashine ikasoma 180 kwa 110. Nesi akampumzisha, akarudia, ikawa ileile. Tulimpakia kwenye pikipiki yake mwenyewe, mwenzake akaendesha, nikapanda nyuma yao na daftari kwapani mpaka kituo cha afya. Ameanza vidonge. Kila jioni akipita Kiborloni anapunguza mwendo mbele ya kibanda changu, ananipazia sauti, "Mama, nimekunywa!" Nami nisipomwona siku mbili, naipiga namba yake.